Mamlaka ya Askari wa Hifadhi katika Kusimamia Sheria za Utupaji Taka: Ufafanuzi kwa Kurejelea Ukanda wa Ndungu na Hifadhi ya Taifa Mkomazi

1.0 Utangulizi

Abiria anayesafiri kutoka Same kwenda Ndungu hupita Kisiwani na Maore, upande mmoja akiwa na safu ya milima ya Upare Kusini na upande wa pili akitazama tambarare inayoishia katika Hifadhi ya Taifa Mkomazi. Abiria huyo akimaliza maji yake na kuitupa chupa dirishani, hana namna ya kujua ameitupa katika eneo la nani. Huenda imeangukia hifadhi ya barabara, ambayo iko chini ya Wakala wa Barabara. Huenda imevuka mtaro na kuingia ardhi ya kijiji. Pale ambapo barabara na mpaka wa hifadhi ya taifa vimekaribiana, huenda upepo ukaipeleka hadi ndani ya hifadhi yenyewe. Kiswahili nacho hakimsaidii sana abiria huyu, kwani neno *hifadhi* linatumika kwa ukanda wa mita chache kando ya lami na kwa pori la zaidi ya kilomita za mraba 3,200 lenye faru na mbwamwitu.

Makala haya yanafafanua swali linalotokana na chupa hiyo: je, askari wa hifadhi anayo mamlaka ya kumsimamisha aliyeitupa, na kama hana, apewe? Pendekezo la kupanua mamlaka ya askari wa hifadhi ili wasimamie sheria za utupaji taka limekuwa likijitokeza katika nchi mbalimbali kila palipo na hifadhi, barabara na wasafiri. Kwa kawaida hutolewa kana kwamba ni jambo jepesi: askari tayari wapo, wana sare, wana magari, na taka zinaonekana kwa macho. Uchambuzi wa matini za sheria za Tanzania, ukisomwa sambamba na historia ya ukanda wa Ndungu, unaonesha kwamba ugumu upo mahali ambapo watetezi wa pendekezo hilo hawapatazami, yaani katika mipaka ya eneo na katika lugha ya kukiri kosa.

2.0 Ndungu na Mkomazi: Taka Huenda Wapi?

Ndungu ni kata ya tambarare iliyo chini ya milima. Uchumi wake umejengwa juu ya maji yanayoshuka kutoka juu, hususani maji ya mto Yongoma, yanayonywesha mashamba ya mpunga ya skimu yenye takribani hekta 680 iliyojengwa kwa msaada wa Japani mwishoni mwa miaka ya 1980. Kuna pia mashamba ya mkonge, bwawa la Kalemawe, na biashara ndogondogo zinazofuata barabara. Kila moja ya shughuli hizi ina taka zake. Barabara huleta chupa za plastiki na vifungashio vya vyakula. Soko huleta mabaki ya kila namna. Skimu huleta mifuko ya mbolea, na pia chupa na paketi tupu za viuatilifu, ambazo ni taka hatarishi kuliko chupa ya maji ingawa hazivutii macho ya mtalii.

Jambo la kijiografia linalosahaulika katika mijadala ya namna hii ni mwelekeo wa maji. Maji ya Ndungu hayaingii hifadhini. Hushuka kuelekea bonde la mto Mkomazi, ambao nao huungana na mto Pangani. Kwa hiyo jina moja linabeba vitu viwili: mto Mkomazi unaopokea uchafu wa tambarare, na Hifadhi ya Mkomazi ambayo iko upande wa pili. (Jina lenyewe, kwa maelezo ambayo Shirika la Hifadhi za Taifa huwapa wageni, limetokana na maneno ya Kipare *mko*, kijiko kidogo, na *mazi*, maji, ni jina la mahali pakavu, pa maji ya kuchotea kijiko.) Kinachovuka mpaka kwa hakika ni wanyama. Tembo hutoka hifadhini kufuata mazao na maji hadi katika mashamba ya wakulima, na malalamiko ya wananchi wa Ndungu, Maore na Kalemawe kuhusu tembo ni ya miaka mingi. Nyani hujifunza haraka kuhusisha magari na chakula. Kutokana na hali hiyo, askari wa hifadhi ana sababu ya kiuhifadhi ya kujali taka zilizo nje ya mpaka wake, ingawa sababu ya kiuhifadhi haimpi mtu mamlaka ya kisheria.

3.0 Sheria Zilizopo na Watu Wanaotajwa Nazo

Kwa upande wa ndani ya hifadhi hakuna utata mkubwa. Sheria ya Hifadhi za Taifa, Sura ya 282, ambayo asili yake ni mwaka 1959, pamoja na kanuni zake, zinadhibiti mwenendo wa kila anayeingia hifadhini, ikiwa ni pamoja na kuacha taka. Mtumishi aliyeidhinishwa anaweza kumpekua na kumkamata mtu anayeshukiwa kutenda kosa chini ya sheria hiyo. Mgeni aliyeingia kwa lango la Zange na kuacha mabaki ya chakula chake kambini yuko waziwazi mikononi mwa askari wa hifadhi.

Nje ya hifadhi kuna sheria nyingine. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya mwaka 2004, Sura ya 191, inaziachia mamlaka za serikali za mitaa jukumu la kusimamia taka ngumu katika maeneo yao. Kwa Ndungu, mamlaka hiyo ni Halmashauri ya Wilaya ya Same, ikifanya kazi kupitia afisa mazingira, bwana afya, afisa mtendaji wa kata na watendaji wa vijiji. Halmashauri ya kijiji nayo inaweza kutunga sheria ndogo, ambazo huanza kutumika baada ya kuidhinishwa na halmashauri ya wilaya kwa mujibu wa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inaongeza tabaka jingine la wajibu. Kwa karatasi, basi, Ndungu haina upungufu wa sheria za taka hata kidogo. Upungufu uko kwa watu wa kuzisimamia: mtendaji mmoja na mgambo wachache hawawezi kulinda barabara ambayo mabasi huipita alfajiri na usiku.

Katikati ya makundi haya mawili kuna mlango ambao haujajadiliwa vya kutosha. Vifungu vya 182 na 183 vya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira vinaanzisha wakaguzi wa mazingira na kueleza mamlaka yao. Waziri mwenye dhamana ya mazingira anaweza kuwateua kwa tangazo katika Gazeti la Serikali, na uteuzi huo haukufungwa kwa watumishi wa wizara yake peke yake. Hivyo basi, askari au afisa wa hifadhi anaweza kupewa kofia ya pili bila Bunge kutunga sheria mpya. Swali la kupanua mamlaka kwa Tanzania, kinyume na linavyoelezwa mara nyingi, ni la kiutawala zaidi kuliko la kutunga sheria: nani ateuliwe, kwa eneo gani, na kwa makosa yapi.

Umuhimu wa kofia hiyo ulidhihirika mwaka 2019. Kuanzia tarehe 1 Juni mwaka huo, Tanzania Bara ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa kwa kanuni zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira. Mtu anayekutwa akiwa na mfuko huo au kuutumia anakabiliwa na faini isiyopungua shilingi 30,000 na isiyozidi 200,000, au kifungo kisichozidi siku saba, au vyote viwili. Askari wa hifadhi anayeuona mfuko huo ndani ya gari langoni anaweza kuuzuia usiingie, kwa kuwa kuingia hifadhini ni kwa kibali na kwa masharti. Lakini kosa la kuwa na mfuko ni kosa chini ya sheria nyingine kabisa. Askari asiye mkaguzi wa mazingira, akimtoza faini mwenye mfuko kwa kutaja kanuni za 2019, anatumia mamlaka ya mtu mwingine. Tofauti hii inaweza kuonekana ya kitaaluma tu, ila ndiyo ambayo wakili wa utetezi angeanza nayo mahakamani.

4.0 "Kupanua" Kuna Maana Tatu

Neno *kupanua* katika mjadala huu hufunika mambo matatu ambayo yanapaswa kutenganishwa. La kwanza ni kupanua eneo: askari atoke ndani ya mpaka na kusimamia barabara, bwawa au soko. La pili ni kupanua orodha ya makosa, yaani abaki ndani ya mpaka ila asimamie pia kanuni za mazingira na afya ya jamii. La tatu ni kupanua kitendo: badala ya kuonya au kumfukuza mtu hifadhini, aweze kutoa hati ya malipo papo hapo.

La pili ndilo jepesi zaidi na halina wapinzani wengi. La tatu lina mifano mizuri ya kigeni. La kwanza ndilo lenye historia, na kwa Ndungu historia hiyo haiwezi kurukwa.

Mkomazi ilitangazwa kuwa pori la akiba mwaka 1951. Kwa miongo kadhaa wafugaji waliendelea kuishi na kuchunga ndani yake kwa viwango mbalimbali vya ruhusa, hadi walipoondolewa mwaka 1988. Baadhi yao walikwenda mahakamani. Shauri la Lekengere Faru Parutu Kamunyu na wenzake dhidi ya Waziri wa Utalii, Maliasili na Mazingira lilisikilizwa Mahakama Kuu, Moshi, na kufika Mahakama ya Rufani, ambako mwaka 1999 madai ya kurejea katika ardhi hiyo yaligonga mwamba. Kitabu cha Dan Brockington, *Fortress Conservation*, kilichochapishwa mwaka 2002, kililifanya jina la Mkomazi lijulikane katika vyuo vikuu vya mbali kama mfano wa uhifadhi unaowaweka watu nje ya uzio. Mwaka 2008 pori hilo likawa hifadhi ya taifa, hadhi ambayo inafunga milango zaidi kuliko ile ya pori la akiba. Mwaka 2020 marekebisho ya sheria yakaweka watumishi wa uhifadhi katika mfumo wa jeshi usu, wenye vyeo, nidhamu na amri za kijeshi.

Mpangilio wa miaka hiyo una uzito katika suala la taka. Mwananchi wa vijiji vinavyopakana na Mkomazi anamfahamu askari wa hifadhi katika mazingira ya mifugo iliyokamatwa, kuni zilizozuiliwa na tembo waliochelewa kufukuzwa. Anajua pia kwamba mamlaka ya askari huyo ina mstari inapoishia, na mstari huo ndio ulinzi wake. Mstari ukisogezwa hadi kando ya soko la Ndungu kwa sababu ya chupa, hakuna sababu ya kutarajia kwamba wananchi watauona kama hatua ya usafi. Wataupima kwa uzoefu wao. Haitoshi kuwajibu kwamba nia ni njema, kwa kuwa hata mwaka 1988 kulikuwa na nia iliyoelezwa kuwa njema.

Kuna pia suala la uwiano wa nguvu. Kosa la kutupa taka ni dogo, na mtendaji wake anaweza kuwa mtoto, mzee, au mwanamke mwenye beseni la vitumbua. Askari wa jeshi usu amefunzwa kukabiliana na majangili wenye silaha. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, ibara ya 15, inataka mtu asikamatwe wala kuwekwa chini ya ulinzi isipokuwa kwa utaratibu uliowekwa na sheria, na ibara ya 27 inamtaka kila mtu kulinda maliasili. Ibara hizi mbili hazipingani, lakini anayepanua mamlaka ya kukamata kwa ajili ya ya pili anapaswa kuonesha kwamba ameisoma na ya kwanza.

5.0 Lugha ya Kosa: Kutupa, Kukiri na Kufifilisha

Sehemu hii ndiyo ambayo mijadala ya kisheria huipita haraka. Chanzo cha tatizo ni kitenzi chenyewe. *Kutupa* katika Kiswahili ni kuachana na kitu usichokihitaji, popote pale. Anayeweka taka ndani ya pipa ametupa, na anayezirusha barabarani ametupa. Kibao kinachosema "Usitupe taka hapa" hakimwambii msomaji kwamba kutupa ni kosa. Kinamwambia kwamba *hapa* si mahali pake, na kumwachia atafute *pale*. Sheria inakusudia kitendo chembamba zaidi: kuacha taka mahali pasiporuhusiwa. Hati ya kosa inayosema tu kwamba mtu "ametupa taka" haijataja kosa bado.

Ugumu mkubwa zaidi uko katika *kufifilisha*. Istilahi hii ya Kiswahili cha sheria ina maana ya kumaliza kosa kwa malipo bila kwenda mahakamani, na ndiyo njia ambayo mamlaka nyingi za uhifadhi na mazingira nchini huitumia kwa makosa madogo. Faida yake ni dhahiri. Mahakama ya Wilaya iko Same mjini. Nauli, siku za kazi zinazopotea na mashahidi wa kusafirishwa vingezidi thamani ya kosa lolote la chupa. Sharti la msingi la kufifilisha, hata hivyo, ni kwamba mtuhumiwa akiri kosa kwa hiari yake.

Ni hapa ambapo adabu ya lugha na utaratibu wa sheria vinagongana. Katika mazungumzo ya Kiswahili baina ya mwananchi na mwenye mamlaka, kuomba radhi hutangulia kujieleza. Mtu aliyesimamishwa na askari husema, "Nisamehe, afande, nimekosa," kabla hajaambiwa ni kosa gani. Hiyo ni heshima. Ni namna ya kupunguza makali ya hali na kumpa mwenye mamlaka nafasi ya kuwa mwungwana. Mzungumzaji hajakiri tendo lolote mahususi, na mara nyingi anatarajia kwamba radhi hiyo itafuatwa na onyo na kuachiwa. Ikiwa askari ana hati mkononi yenye mstari wa "ninakiri kosa", maneno yale yale ya adabu yanaweza kuhamishiwa kwenye karatasi na kuwa ungamo la kisheria.

Umri unaongeza uzito wa jambo hili. Askari kijana anayekutana na mzee wa Kipare kandokando ya mfereji ataanza na "Shikamoo, mzee," na mzee ataitikia "Marahaba, mwanangu." Baada ya hapo askari anapaswa kumweleza kwamba anatuhumiwa, kwamba halazimiki kukiri, na kwamba anaweza kukataa kulipa na kwenda mahakamani. Kusema hayo yote bila kuvunja heshima iliyokwisha kujengwa na salamu ni stadi, na stadi hufundishwa. Mafunzo ya kulenga shabaha hayaigusi.

Lugha ya sheria zenyewe inahusika pia. Sheria ya Hifadhi za Taifa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira zilitungwa kwa Kiingereza. Marekebisho ya mwaka 2021 yameifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki, hatua ambayo wataalamu wa lugha waliidai kwa muda mrefu. Kutafsiri sheria kuu, hata hivyo, ni kazi moja, na kuandika hati ya kurasa moja inayoeleweka na mkulima wa mpunga ni kazi nyingine. Hati ya namna hiyo ikiandikwa kwa Kiswahili kilichojaa istilahi kama *kufifilisha* bila maelezo, itakuwa imetoka gizani kwa Kiingereza na kuingia gizani kwa Kiswahili.

6.0 Mifano ya Kulinganisha

Nchini Uingereza, Sheria ya Ulinzi wa Mazingira ya mwaka 1990 ililifanya tendo la kuacha taka mahali pa wazi kuwa kosa, kisha ikaziruhusu mamlaka zilizotajwa, zikiwemo za hifadhi, kuwaidhinisha maofisa kutoa hati ya malipo ya kiwango maalumu. Aliyepewa hati ana siku 14 za kulipa, na katika siku hizo hashtakiwi. Akilipa, suala linaisha. Tofauti na kufifilisha ni muhimu: mlipaji hakuombwa akiri, bali amenunua kutoshtakiwa. Kwa mtazamo wa lugha uliojadiliwa hapo juu, mfumo huu unafaa mazingira ya Kiswahili kuliko ule wa ungamo, kwa kuwa radhi ya adabu haigeuzwi kuwa ushahidi. Kuna kasoro moja: unategemea anwani na utambulisho wa uhakika wa mtu, jambo ambalo kwa abiria wa basi linalopita si rahisi.

Kenya, ambayo Hifadhi yake ya Tsavo Magharibi inapakana na Mkomazi kiasi kwamba tembo hawajui wamevuka mpaka, ilichukua njia nyingine. Baada ya kupiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017, ilizuia plastiki za kutumika mara moja katika maeneo yaliyohifadhiwa kuanzia tarehe 5 Juni 2020. Hapo kazi ya askari huhamia langoni. Anazuia kitu kisiingie badala ya kumsaka aliyekiacha. Mamlaka yanayohitajika ni madogo zaidi, na mgongano na mwananchi ni mfupi.

Mkoa wa Kilimanjaro wenyewe una mfano ulio karibu zaidi. Katika Hifadhi ya Taifa Kilimanjaro, makundi ya wapandaji mlima hupimiwa taka zao kwenye mizani, na chupa za maji za kutumika mara moja zimekatazwa. Anayewajibika ni kampuni ya utalii yenye leseni, kupitia kwa mwongozaji wake. Mfumo huu hufanya kazi kwa kuwa hifadhi ina cha kumnyima mhusika. Mkulima wa Ndungu na kondakta wa basi hawana leseni ya hifadhi ya kunyang'anywa, na ndiyo maana mfano wa Kilimanjaro hauwezi kuhamishwa mzimamzima. Kwa kondakta, hata hivyo, iko leseni ya usafirishaji ya mmiliki wa basi. Katika barabara kuu inayokatisha Hifadhi ya Mikumi kwa takribani kilomita 50, tatizo la taka za abiria ni lile lile, na huko pia basi ndilo linaloweza kuwajibishwa kwa urahisi kuliko mkono mmoja uliotoka dirishani. Basi lisilo na chombo cha taka ndani yake limeshaamua chupa itakwenda wapi. Ni sawa na desturi ya kusimamisha basi porini ili abiria "wachimbe dawa": kumkamata abiria aliyeshuka ni kumkamata mtu wa mwisho katika mnyororo.

7.0 Kinachowezekana Ndungu

Upare una desturi ya kale ya kusimamia kitu cha pamoja bila askari. *Ndiva*, mabwawa madogo ya kuhifadhi maji ya mifereji huko milimani, yalitunzwa kwa zamu za maji na kwa *msaragambo*, kazi ya pamoja ambayo asiyehudhuria alitozwa. Kuzibua na kusafisha mfereji ilikuwa sehemu ya haki ya kupata maji. Vyama vya watumiaji maji na uongozi wa skimu za umwagiliaji vimerithi sehemu ya mantiki hiyo, na vina kitu ambacho askari wa hifadhi hana: vinamjua kila mwenye jaruba na vinaweza kuahirisha zamu yake. Si busara kudhani kwamba desturi hizi zinafanya kazi leo kama zilivyosimuliwa. Msaragambo umedhoofika katika maeneo mengi, na mwenye nguvu kijijini huwa na njia ya kukwepa. Hata hivyo, kwa taka za mashambani, sheria ndogo ya kijiji ikishirikiana na uongozi wa skimu iko karibu zaidi na kosa kuliko kituo chochote cha askari.

Kwa msingi huo, upanuzi unaoweza kutetewa ni mwembamba. Maofisa wachache wa Mkomazi, kwa majina na vyeo, wanaweza kuteuliwa kuwa wakaguzi wa mazingira chini ya kifungu cha 182, wakibeba kitambulisho cha ukaguzi tofauti na cha hifadhi. Tangazo la uteuzi litaje eneo: malango, na sehemu za barabara zinazogusana na mpaka wa hifadhi, zikitajwa kwa alama za kilomita. Soko, mifereji na mitaa ya Ndungu vibaki chini ya halmashauri na vijiji. Kwa makosa ya barabarani, hati iandikwe kwa mmiliki wa chombo pale chombo kisipokuwa na mahali pa kuweka taka, na kwa abiria pale tu anapoonekana akitenda. Malipo yasiyodai ungamo yapewe nafasi kabla ya kufifilisha. Ukaguzi wa taka ufanywe bila bunduki, jambo ambalo ni la amri ya kiutawala tu na halihitaji kanuni mpya.

Swali la mapato linahitaji kuamuliwa kabla ya hati ya kwanza kuandikwa. Faini za sheria ndogo huingia halmashauri. Malipo yanayokusanywa na wakaguzi wa mazingira na yale ya hifadhi yana njia zake katika fedha za umma. Mzigo wa kuzoa taka ng'ambo ya mpaka, hata hivyo, hubaki kwa kata. Iwapo askari watakusanya malipo kwenye barabara ya Ndungu na kata isipate hata kitoroli cha kubebea taka, mtendaji wa kijiji hatakuwa na la kuwaambia wananchi wake.

Chupa tupu za viuatilifu zinabaki nje ya mpango huu wote. Hazitupwi dirishani, hazipiti langoni, na hazionekani kutoka barabarani. Hubaki kwenye tuta la mfereji hadi mvua za masika zizisombe kuelekea bonde la mto Mkomazi, ambako mhusika ni Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira kinazuia shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au bwawa, lakini skimu ya mpunga kwa asili yake inaishi ndani ya maji. Utaratibu wa kurudisha chupa hizo kwa muuzaji wa pembejeo, ambaye yuko pale pale Ndungu na anamfahamu kila mnunuzi, hauhitaji askari wa aina yoyote. Unahitaji sheria ndogo moja ya halmashauri, na gunia lililoandikwa jina la duka.